Svalbard haina viza, lakini usikate tiketi bado

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma. Swali limetoka Nkuhungu: "Kaka, nasikia kuna visiwa huko kaskazini havina viza, na wanatafuta watu wa kupima barafu. Nikimaliza chuo mwezi wa saba nije?" Shangazi naye akaongeza lake: huko mnakula nini? Najibu yote mawili bila kuzunguka mbuyu.

Nianze na viza, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Svalbard iko chini ya Norway kwa mkataba wa mwaka 1920, na ni kweli visiwa vyenyewe havimdai mtu viza wala kibali cha kuishi, awe ametoka nchi gani. Lakini hakuna ndege ya kutoka Msalato mpaka Longyearbyen, mji mkubwa wa visiwa hivyo. Utapita Oslo au Tromsø, na huko uko ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya Schengen huikwepi. Tena iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Svalbard iko nje ya Schengen: ukienda umetoka, ukirudi unaingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja anafika kisiwani halafu hana njia halali ya kurudi nyumbani.

Ukishafika, hakuna wa kukubeba. Gavana wa Svalbard ana mamlaka ya kumwondoa mtu asiyeweza kujilipia chakula na malazi. Nyumba nyingi ni za waajiri, kwa hiyo kazi ikiisha na chumba kimeisha, na chumba cha kupanga mtaani hakipatikani kama unavyopata pale Chang'ombe. Hospitali ni ndogo, mgonjwa mahututi hupelekwa Tromsø kwa ndege, na mjamzito huondoka wiki kadhaa kabla ya tarehe yake kwa sababu kisiwani hawazalishi. Miaka utakayoishi Svalbard haihesabiwi ukija kuomba ukaazi wa kudumu wa Norway. Anayefikiri ni mlango wa nyuma wa kuingia Ulaya ajue kwamba mlango huo unafunguka baharini.

Sasa hiyo "kupima barafu". Watu hupiga picha gogo la barafu likitoka shimoni, hawapigi picha siku nne za kufunga mizigo. Sehemu kubwa ya kazi ni kubeba, kuchimba, kuandika namba, kuosha vyombo na kungoja hali ya hewa itulie.

Kazi ya kwanza anayopewa mgeni ni shimo la theluji. Unachimba hadi kwenye barafu ya zamani, mita moja au mbili. Ukuta mmoja unauacha safi kabisa, ule ulio kivulini, na hakuna ruhusa ya kukanyaga juu yake wala kutupia udongo wa theluji upande huo. Unaanza na joto, maana ukuta ukikaa wazi unabadilika: kipimajoto kila sentimita 10 kutoka juu kwenda chini. Halafu unakata kwa kiboksi cha bati chenye ujazo unaojulikana na kupima uzito. Kiboksi cha sentimita za ujazo 250 kikibeba theluji ya gramu 90, msongamano ni kilo 360 kwa mita ya ujazo. Theluji ya namna hiyo yenye kina cha mita moja, ikiyeyuka, ni maji ya milimita 360. Hesabu si ngumu. Kinachoharibu ni mizani iliyowekwa kwenye upepo, kiboksi kisichojaa pembeni kwa sababu umekutana na tabaka gumu, na mtu mvivu anayekadiria vipimo viwili vya mwisho kwa sababu vidole vimekufa ganzi.

Kuchoronga ndiko kunakowavutia zaidi, hasa wanaowaona jamaa wa GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, wakitoka na magari yao. Kwenye kisima cha maji pale Makutupora unachotaka ni shimo, vumbi la mwamba unalitupa. Kwenye barafu unachotaka ni kile kilichomo ndani ya bomba: gogo jembamba la barafu lenye upana kama wa kikombe (Wagogo msicheke, ndivyo linavyoonekana). Kekee ya mkono ina bomba la mita moja na vyuma vya kuunganisha kila unapozidi kwenda chini. Kila gogo linalotoka linapimwa urefu na uzito, linachorwa mshale wa upande wa juu, linaandikwa kina, linaingia kwenye mfuko kisha kwenye boksi lisilopitisha joto. Ukisahau mshale hata mara moja, gogo hilo ni la kuwekea kwenye juisi tu.

Kwenye kina kirefu mashine ya umeme inashushwa kwa waya na kila safari inaleta mita moja hadi tatu hivi. Shimo likifika mita 3,000, kushuka na kupanda peke yake kunakula zaidi ya saa moja. Lazima shimo lijazwe kimiminika kisichoganda, kwa sababu barafu chini ya uzito wake inatiririka polepole na italifunga. Vumbi la barafu likijazana juu ya kichwa cha mashine, inakwama. Dawa yake ni kuteremsha glaikoli, kimiminika cha kuyeyusha barafu, na kusubiri. Kuna mashine zilizoachwa humo humo. Halafu kuna ukanda wa kati ya mita 600 na 1,200 hivi ambapo viputo vya hewa ndani ya barafu vimebanwa kiasi kwamba gogo likifika juu linapasuka lenyewe kama glasi iliyomwagiwa maji ya moto. Magogo ya ukanda huo huachwa yatulie kwa miezi, hata mwaka, kabla ya kukatwa.

Shida hiyo yote ni kwa ajili ya hivyo viputo. Ni hewa ya kale iliyonaswa. Kule Dome C, Antaktika, gogo la zaidi ya mita 3,200 lilitoa historia ya hewa ya miaka 800,000: hewa ya ukaa ilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 hivi kwa milioni. Leo imepita 420. Januari 2025 timu ya Ulaya ilifika mita 2,800 mahali palipo karibu na hapo, kwenye barafu yenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja. Na sisi tumo kwenye kitabu hiki. Mwaka 2000 kikosi cha Lonnie Thompson, mtafiti wa barafu wa Marekani, kilitoa magogo sita juu ya Kilimanjaro, jumla mita 215 hivi, yakapelekwa Ohio, Marekani, na huko ndiko yaliko. Makadirio yao kwamba barafu ya mlima ingeisha kati ya 2015 na 2020 hayakutimia, vipande bado vipo, ila vinazidi kupungua.

Na gogo likishapona njiani, bado halijapona umeme. Mwaka 2017 huko Edmonton, Canada, chumba cha friza cha chuo kikuu kiliharibika na sehemu ya magogo ya Aktiki ya Canada ikayeyuka sakafuni. Ninyi mnaoijua Tanesco mtaelewa kwa nini mtu wa majenereta na friza anaheshimika huku kama profesa.

Baridi je? Inaua, lakini siyo kwa namna mnayoidhania. Mwenyeji wa Dodoma ana faida moja asiyoijua: amezoea ukame. Mji wetu unapata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka. Longyearbyen inapata takriban 200, theluji na mvua pamoja. Katikati ya Antaktika kuna mahali pasipofikisha hata 50. Ni jangwa. Midomo inapasuka, pua inatoka damu, na mtu anaishiwa maji mwilini bila kuhisi kiu. Adui wa pili ni jasho. Ukichimba umevaa koti zito, unalowa, ukisimama dakika kumi unaganda. Kwa hiyo unavua kabla hujatoka jasho na unavaa kabla hujasikia baridi. Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu, kamwe isiwe pamba, maana pamba ikilowa haikauki wala haitunzi joto. Makoti ya nje na buti, taasisi nyingi zinaazimisha, msiuze mbuzi kununua. Sweta za sufu zipo kwenye mitumba ya Sabasaba, mnazipita tu.

Vifaa navyo vina tabia zao. Betri ya simu ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri inazima ikiwa bado inaonyesha nusu, hivyo betri zote zinakaa mfuko wa ndani, karibu na kifua. Kalamu ya wino inaganda, tunaandika kwa penseli. Kamera ukiiingiza ndani ghafla inajaa umande mpaka kwenye lenzi, unaifunga kwenye mfuko wa plastiki ungali nje na kuiacha ipate joto humo. Bunduki ni kinyume: haiingizwi kwenye joto kabisa, kwa sababu ikitoka tena nje ule umande unaganda ndani na risasi haitoki.

Ndiyo, bunduki. Ukitoka nje ya makazi ya watu sheria inakutaka uwe na kifaa cha kumtisha dubu mweupe, bunduki inashauriwa, na kuikodi ni kwa kibali cha Gavana. Sheria inataka umpishe dubu kwa mita 300 angalau, na 500 kuanzia Machi hadi Juni. Wanafunzi wa UNIS, kile chuo cha Longyearbyen, hufundishwa kulenga shabaha kabla ya kuruhusiwa kwenda porini.

Giza mtalizoea au hamtalizoea. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi Longyearbyen, na kuanzia Aprili hadi Agosti halizami. Sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi kupata vitamini D, kwa hiyo ongea na daktari kuhusu vidonge mapema. Waislamu wengi huku hufuata saa za Makka au za mji wenye usiku na mchana, mwezi wa Ramadhani hasa.

Sasa njia, kwa yule wa Nkuhungu. Usije kwanza ndipo utafute. UNIS haitozi ada ya masomo kwa kozi zake, ila haitoi shahada. Inapokea mtu aliyesajiliwa tayari chuo kingine, na gharama ya kuishi ni juu yako. Vyuo vya Norway bara, tangu 2023, vinawatoza ada wanaotoka nje ya Ulaya. Lango ninaloliamini ni uzamivu, kwa sababu Norway mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa mwenye mshahara na mkataba, kwa kawaida miaka mitatu au minne, na nafasi zinatangazwa kama kazi. Huombi "kusoma barafu". Unaomba nafasi yenye jina na unaonyesha ujuzi unaohitajika.

Ujuzi huo unaweza kuanzia hapo hapo. Picha za setilaiti zipo bure, za Landsat zilizopigwa kuanzia miaka ya 1970 na za Sentinel kuanzia 2014, na programu ya ramani ya QGIS haina malipo. Chukua barafu ya Kilimanjaro, chora mipaka yake kila baada ya miaka mitano kwa picha za Januari na Februari au Agosti na Septemba, ukiepuka zile zenye theluji mpya kwa sababu zitakudanganya barafu imeongezeka. Andika makosa ya kipimo chako wazi. Hiyo tayari ni tasnifu. Mtu wa maji aliyeshika takwimu za visima vya Makutupora, au aliyewahi kuwa fundi wa mashine ya kuchoronga, anatazamwa kuliko mwenye cheti kizuri na mapenzi ya theluji. Jiunge pia na APECS, chama cha watafiti vijana wa ncha za dunia, uanachama ni bure.

Kuhusu pesa za kutuma: mshahara unaonekana mkubwa ukiubadili kwa shilingi, ila nyanya zinaletwa kwa ndege au meli na bei yake inajua hivyo. Mwaka wa kwanza msitegemee bati za nyumba ya Ihumwa.

Shangazi, tunakula mikate, samaki, viazi na nyama ya kulungu wa huku. Ugali tunapika wa unga tuliokuja nao. Nyama kavu na samli viache, forodha ya Norway haipokei nyama wala maziwa kutoka kwetu. Mlenda mkavu uangaliwe kwenye orodha yao kabla ya kufungwa. Na soksi za sufu zije jozi nne nzima zisizo na matundu, kwa sababu kwa desturi iliyobaki tangu enzi za wachimba makaa, hoteli, makumbusho, hata ofisi nyingi za Longyearbyen, viatu vinavuliwa mlangoni.