Namba 20 na namba 3 chini ya paa moja

Uchaguzi wa rais wa Kongo, Desemba 2023, kura mbili za nyumba yetu zilifutana. Mimi niligusa namba 20 kwenye ile mashine ya kura, Félix Tshisekedi. Bwana yangu akagusa namba 3, Moïse Katumbi. Tulitoka pamoja, tukapanga mstari pamoja kwenye jua la Katuba, hapa Lubumbashi, tukarudi kula bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja. Jirani alitucheka: si mngebaki nyumbani tu, mkapumzika?

Sasa mtoto wa dada yangu amepata mchumba, kijana wa Kikatanga, na mama zake wakubwa wamemtuma kwangu nimpe shauri, kwa kuwa mimi ndiye niliyetangulia kuingia huko. Nimeona niandike. Haya mambo nikiyasema kwa mdomo hasira inapanda haraka, na wengine watakaosoma huenda nao wana nyumba ya namna hii. Lubumbashi zimejaa.

Mimi ni Muluba wa Kasai, nimezaliwa hapa hapa Lubumbashi. Kazi ya reli ndiyo iliyomleta baba. Bwana yangu ni Muyeke wa upande wa Bunkeya. Ukiangalia juu juu utafikiri tunabishana juu ya wagombea. Wagombea ni mlango tu. Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, Mkatanga. Huku kwetu Katanga kukachafuka. Mwaka ule na 1993 Wakasai walifukuzwa kwenye nyumba na kazi zao, na stesheni za Likasi na Kolwezi zikajaa familia zilizolala chini zikingoja treni. Mama yangu mdogo alikuwa Likasi. Alishuka Mwene-Ditu na watoto na kichwa cha cherehani. Meza yake ilibaki. Mpaka leo ukimpelekea nguo ya kushona atakutajia ile meza. Kwa hiyo Félix, mtoto wa Étienne, alipoapishwa kuwa rais Januari 2019, kwetu hakuna aliyeuliza programu ya chama inasema nini.

Bwana yangu naye ana yake. Kwao hadithi ni kwamba zamani za Wabelgiji watu waliletwa kutoka mbali wakapewa kalamu, wenyeji wakapewa sepetu. Tena shaba inatoka hapa, kobalti inatoka hapa, na Katiba kwenye kifungu cha 175 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya mikoa. Hicho kifungu bwana yangu anakijua kama Baba Yetu. "Asilimia 40 iko wapi?" ndiyo salamu yake akiona barabara ina mashimo, na mashimo hayakosekani.

Basi shauri la kwanza kwa mtoto wangu: kabla mahari haijapokelewa, nenda na huyo kijana kwenye matanga ya kwao. Usiende kwenye sikukuu, kwenye sikukuu kila mtu ana adabu. Kwenye matanga, usiku, wazee wameketi kwenye viti vya plastiki, chai imezunguka, ndipo maneno juu ya makabila ya watu yanatoka bila kuchujwa. Sikiliza. Halafu mwangalie yeye: anacheka, ananyamaza, au anasema "Baba mukubwa, acha hayo"? Wangu alisema hivyo, kwa sauti ndogo, na baba yake mkubwa akamkatalia salamu mpaka mazishi yakapita. Nilijua hapo kwamba huyu naweza kuishi naye, hata akichagua nani.

La pili ni la ndani. Pesa ya unga ikipotea, ugomvi uwe wa pesa ya unga. Usiuache upande treni uende mpaka Kasai. Siku bwana yangu anachelewa kurudi, amechelewa yeye, si Bunkeya nzima. Hili ni rahisi kuandika na ni gumu sana saa tatu ya usiku, umeme umekatika na bukari imepoa. Sisi tulikubaliana hivi: anayeanza kutaja kabila katikati ya ugomvi amepoteza ugomvi, hata kama haki ilikuwa yake. Nimeshapoteza kesi nzuri kwa njia hiyo, na inauma.

Sasa muziki, ambao watu wanauona mchezo. Kwangu ndio uliotufundisha kukaa na mtu asiyekubaliana nawe. Bendi ya Wenge Musica ilipopasuka Desemba 1997, vijana wote wa mji walipasuka nayo. Yeye alikuwa mtu wa JB Mpiana, akitembea na kaseti ya Titanic. Mimi nilikuwa wa Werrason, na Solola Bien ilipotoka 1999 niliisikiliza mpaka mkanda ukavutika na sauti ikaanza kulia. Tukiwa wachumba tulipimana kwa kaseti hizo. Mwanaume anayeweza kukaa asikilize upande wa A wote wa muziki asioupenda, hadi sebene ya mwisho, pale gitaa zinapowaka watu wakacheze, bila kukwambia wake ni bora, huyo mchunguze vizuri. Wangu alifika karibu na mwisho. Ilitosha.

Ila aliyetuingiza kwenye siasa kabisa ni mwimbaji Tshala Muana. Alizaliwa hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville, naye ni Muluba wa kwetu. Mutuashi yake, ile ngoma ya kiuno ya Kasai, niliicheza tangu utoto, na Mutuashi ya 1996 ndiyo albamu ambayo nyumba ikiungua nitairudia. Bwana yangu miaka yote alikuwa akisema hizo ni kelele za kiuno. Novemba 2020 Tshala Muana akatoa wimbo juu ya utovu wa shukrani, watu wakauelewa kuwa unamlenga rais, watu wa usalama wakamkamata, wakamwachia baada ya muda mfupi. Bwana yangu akageuka mpenzi wa Tshala Muana siku ile ile! Asubuhi wimbo huo, jioni wimbo huo, spika ndogo ya simu juu ya dirisha, upande wa jirani anayejulikana kuwa wa chama cha rais.

"Papa, na Tshiluba husikii," nikamwambia.

"Ile inafaa nasikia," akanijibu.

Nilitamani kuitupa spika. Nikafikiri tena. Mtu wa Bunkeya anasikiliza mutuashi kila siku bure, mimi nagombana nini? Nikamwachia. Baadaye akaanza kuuliza maana ya maneno ya nyimbo nyingine. Tshala Muana alipofariki, Desemba 2022, ni yeye aliyesogeza viti sebuleni na kuweka Mutuashi. Tulicheza, yeye vibaya vilevile.

Na mimi nimechukua kwake mwanamuziki Mwenda wa Bayeke, mtoto wa Bunkeya, vidole viwili na gitaa moja, Kiswahili chetu bila kupambwa. Zile rekodi alizofanyiwa na Hugh Tracey, mzungu aliyekusanya muziki wa Afrika, mwaka 1952 huwa naziweka nikipiga pasi. Sheria ya nyumba ni kwamba anayepika ndiye anayechagua muziki. Ndiyo maana bwana yangu siku hizi anajua kupika bukari. Si upendo, ni JB Mpiana.

Habari za redio tumezitenga. Radio Okapi, ile ya Umoja wa Mataifa, ina habari kwa Kiswahili na kwa Tshiluba. Yeye anasikiliza zake, mimi zangu, na kwenye meza hakuna redio. Mtoto wetu akianza kuuliza mambo ya wakubwa tukiwa tunakula, baba yake anamkata: "Tunakula ao tunafanya kampanye?"

Mwaka 2025 ulitubadilishia mabishano. Waasi wa M23 waliingia Goma Januari, Bukavu Februari. Wifi yangu yuko Goma. Benki zilifunga, uwanja wa ndege ukafungwa, na nyumba yetu ikaacha mambo ya 20 na 3 ikabaki na swali la namna ya kumtumia pesa. Tulizipitisha kwa simu, kidogo kidogo, bwana yangu akisoma namba, mimi nikibonyeza. Makubaliano ya amani ya Washington ya Juni, kati ya Kongo na Rwanda, tuliyasikiliza pamoja, mara hii redio moja, wala hakuna aliyeuliza rais ni wa nani.

Halafu kuna Katiba. Tangu rais aseme kule Kisangani, Oktoba 2024, kwamba ataunda tume ya kuiangalia upya, watu wananitazama nitasema nini. Nasema hivi: nilipiga 20 na sitaki kifungu cha 220 kiguswe. Kinasema idadi na muda wa mihula ya rais havibadilishwi, basi. Waliofukuzwa wakalala stesheni wanapaswa kupenda sheria kuliko mtu. Bwana yangu aliposikia alitaka kunipeleka kwenye mkutano wa chama chake siku ile ile. Nikamwambia akae chini, sikuhama. Mtoto wangu, hili likumbuke: mwenzako akikubaliana nawe jambo moja, usimshangilie kama aliyeshindwa. Mpe chai, nyamaza.

Na tarehe. Mahari bado inavutwa, nasikia wakwe wanaongeza mbuzi kila wiki. Uchaguzi ujao ni 2028. Malizeni mapema sana, kampanye ikiwa bado mbali. Wajomba zako nawajua, na wa kijana nimewaona: wakati ule hawavui vitenge vya vyama vyao hata kanisani, na mimi sitakaa katikati yao kwenye picha.