Mwache Mtoto Aifundishe Roboti

Nilipoingia na roboti darasani kwa mara ya kwanza, niliiweka pale mbele ninaposimama mimi. Ikauliza maswali, watoto wakajibu kwa vifijo. Wiki ya tatu, nusu yao walikuwa wanatazama nje dirishani. Huko Japani pia, watafiti walioiacha roboti Robovie katika shule ya msingi kwa wiki 2 waliona watoto walioisonga mwanzoni wakipungua wiki ya pili.

Kwa hiyo ukiletewa roboti, usiipe kazi ya ualimu. Ifanye iwe mwanafunzi dhaifu kuliko wote.

Wazo hili nililipata kutoka mradi wa CoWriter wa chuo cha EPFL, Uswisi. Roboti NAO, yenye kimo cha sentimita 58 hivi, huandika herufi vibaya kwenye kishikwambi, mtoto akaisahihisha, nayo ikabadilika kidogo kidogo. Mimi niliipanga ikosee kusoma. Nilikuwa na mvulana ambaye kwa miezi kadhaa hakufungua mdomo kusoma mbele ya wenzake. Siku hiyo alivuta kiti karibu: "Hapana, si ngombe. Ng'ombe! Rudia." Akalitamka tena na tena, kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwake, mpaka roboti ikapatia. Kumrekebisha anayekosea kukuzidi hakuna aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa imemfunga ulimi.

Wapange wawili au watatu, si darasa zima. Usitegemee masikio ya mashine: sauti za watoto, pamoja na kelele za darasa, huichanganya haraka. Afadhali wabonyeze jibu kwenye kishikwambi. Na kama unataka msamiati tu, kishikwambi kinatosha. Mradi wa L2TOR wa Ulaya ulikuta watoto waliojifunza maneno ya Kiingereza wakiwa na roboti hawakuwazidi waliotumia kishikwambi peke yake.

Linalonitia hofu zaidi ni imani yao. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha watoto wa miaka 7 hadi 9 wakifuata majibu ya roboti hata yalipokuwa wazi kwamba si sahihi. Nami huwaambia mapema: hii inakosea, kazi yenu ni kuinasa.

Neno alilolirekebisha mtoto leo naliandika daftarini. Kesho yake namwomba alisome roboti ikiwa imezimwa. Akilipata, naitafutia roboti neno jingine la kukosea.