Maswali na Majibu: Kuwasubiri Vijana wa Mstari wa Mbele

Wiki hii barua nyingi zimehusu wachezaji wachanga wa mstari wa mbele katika ligi ya NFL ya Marekani, yaani wale watano wanaosimama mbele ya kwotabeki kumlinda wakati anatafuta mtu wa kumrushia mpira. Ni watu ninaowapenda sana katika mchezo huu, na nimefurahi kwamba wasomaji wameanza kuwaangalia.

*Nimeanza kuufuatilia mchezo huu mwaka jana. Kwa nini kijana wa kudaka mipira hung'ara tangu msimu wa kwanza, ilhali wa mstari wa mbele huambiwa asubiriwe miaka miwili au mitatu? (Msomaji, Arusha)*

Siku moja usiufuate mpira. Mkazie macho mchezaji wa ukingo wa kushoto, yaani wa mwisho upande huo kati ya wale watano, tangu mpira unapotolewa. Kazi yake huanza kwa kurudi nyuma: mguu wa kushoto huteleza kwa hatua fupi, wa kulia huufuata bila kuukaribia mno, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, na mikono inangoja. Akiirusha mikono mapema, mpinzani huipangua na kumpita. Akichelewa, husukumwa kifuani mpaka miguuni mwa kwotabeki aliyepaswa kumlinda. Yote hayo hutokea ndani ya sekunde tatu hivi, na aliye mbele yake ni mtu mzito, mwepesi wa miguu, ambaye amekuwa akiwapita walinzi wa namna hiyo kwa miaka mingi. Mdakaji anaweza kupotea mchezo mzima kisha akakumbukwa kwa mpira mmoja aliokimbia nao yadi 60, lakini wa mstari wa mbele akifanya vyema mara 59 na kuteleza mara moja, kwotabeki yuko chini na watu wote wanajua ni kosa la nani. Isitoshe, vyuo vingi vya Marekani, ambako vijana hawa hutokea, huchezesha mashambulizi ambayo mpira hutoka mikononi haraka, hivyo kijana hufika NFL akiwa na mwili wa mtu mzima, lakini hajazoea kumzuia mpinzani kwa muda mrefu wala kuanza akiwa ameweka mkono chini.

*Kama tatizo ni mafunzo, si wafanye mazoezi zaidi? (Msomaji, Mombasa)*

Hawaruhusiwi. Mkataba wa mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji uliondoa desturi ya mazoezi mawili mazito kwa siku moja, ukaweka kikomo cha mazoezi 14 ya kuvaa kinga kamili katika msimu mzima. Siulaumu mkataba huo, kwa kuwa vichwa na magoti ya vijana hawa yanastahili kulindwa. Hata hivyo, gharama yake imewaangukia wao kuliko wengine, maana mdakaji anaweza kujifunza njia zake akiwa na kaptula tu, lakini hakuna anayejifunza kumzuia mtu bila kugusana naye.

*Timu yangu ilimchagua mchezaji wa ukingo katika raundi ya kwanza, na msimu wake wa kwanza umekuwa aibu. Wanangu wanasema tumepoteza bahati. Nimhukumu lini? (Msomaji, Columbus, Ohio)*

Ndugu yangu, waambie wanao habari za Andrew Thomas. New York Giants walimchagua wa nne katika drafti ya mwaka 2020, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, akapitwa mara nyingi kiasi cha magazeti ya New York kumlinganisha kila wiki na wenzake waliochaguliwa baada yake. Katikati ya msimu kocha wa mstari akafukuzwa, na msimu ulipokwisha kijana akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu. Mwaka 2022 alitajwa katika kikosi cha pili cha wachezaji bora wa ligi nzima, na mwaka 2023 akaongezewa mkataba wa miaka 5. Mimi sitoi hukumu kabla ya msimu wa tatu, isipokuwa kwa kocha. Huyo namwangalia tangu siku ya kwanza.

*Jordan Mailata wa Philadelphia Eagles hakuwahi kucheza mchezo huu kabla ya kusajiliwa. Je, hiyo ilikuwa subira au bahati nasibu? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Bahati ilikuwepo, kwa kuwa mtu wa sentimita 203 anayekimbia vile hapatikani kila siku. Mailata alizaliwa Sydney kwa wazazi wa Kisamoa na akacheza raga katika timu ya vijana ya South Sydney Rabbitohs. Eagles walimchagua mwaka 2018 katika raundi ya saba, nafasi ya 233. Lakini tazama yaliyofuata. Walimpa moja ya nafasi 53 za kikosi wakijua hawezi kuwasaidia mwaka huo, kwa sababu wangemwacha nje timu nyingine ingeweza kumchukua. Misimu miwili hakucheza mechi hata moja ya ligi, na yote miwili aliimaliza katika orodha ya majeruhi kwa sababu ya mgongo. Muda wote huo alikuwa mikononi mwa Jeff Stoutland, kocha wa mstari aliyeanza kazi Philadelphia mwaka 2013, ambaye alikuwa akimrudisha mchezaji kwenye hatua ileile ya mguu mpaka ikae.

Nafasi ilikuja mwaka 2020, waliokuwa mbele yake walipoumia. Mwaka uliofuata alimshinda Andre Dillard, aliyechaguliwa na timu hiyohiyo katika raundi ya kwanza ya mwaka 2019, akapewa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 64. Wachezaji wanapojitambulisha kwenye televisheni hutaja vyuo walivyosoma. Mailata, ambaye hakupitia chuo chochote cha huko, hutaja Chuo Kikuu cha Jeff Stoutland. Kila nikimsikia huguswa, kwa sababu kila timu hupata vijana wakubwa, lakini mwalimu wa kukaa nao miaka mitatu ni adimu.

*Kukaa benchi mwaka mzima hakumharibu kijana? (Msomaji, Nairobi)*

Hapana, kama benchi lenyewe lina somo. Cam Jurgens aliingia Philadelphia mwaka 2022 na kukaa nyuma ya Jason Kelce, mchezaji wa katikati ya mstari, msimu mzima, msimu wa pili akacheza ubavuni mwake, na Kelce alipostaafu mwaka 2024 akaichukua nafasi ya katikati. Msimu huohuo uliishia kwa kuwafunga Kansas City 40 kwa 22 katika Super Bowl, fainali ya ligi.

*Mvumilivu hula mbivu, sawa. Lakini tutajuaje kama tunda linaiva au linaoza? (Msomaji, Tanga)*

Hili ndilo swali gumu, na timu zenyewe hukosea. Mkataba wa kijana wa raundi ya kwanza ni wa miaka 4, na baada ya msimu wa tatu timu huamua kama inauongeza mwaka wa 5. Denver walikataa kumwongezea Garett Bolles, mchezaji wao wa ukingo, mwaka 2020, baada ya misimu mitatu iliyojaa adhabu za kumshika mpinzani. Kabla mwaka huo haujaisha walikuwa wamempa mkataba mpya wa miaka 4, kwa kuwa alikuwa akicheza vizuri kuliko wakati wowote.

Mimi huangalia aina ya makosa. Kijana anayekosea jambo jipya kila mwezi anasonga mbele, hata kama inauma kumtazama. Anayepitwa Desemba kwa njia ileile aliyopitwa Septemba, chini ya kocha yuleyule, misimu miwili mfululizo, ananitia shaka. Hata huyo ningemhamisha nafasi kabla ya kumwacha. Mekhi Becton alichaguliwa wa 11 na New York Jets mwaka 2020 kama mchezaji wa ukingo, goti likamnyima karibu misimu miwili mizima, na wengi wakamwona amekwisha. Mwaka 2024 Eagles walimpa mkataba wa mwaka mmoja, Stoutland akamsogeza ndani, nafasi ambayo hakuwa ameizoea, na siku ya Super Bowl alikuwa miongoni mwa wale watano walioanza.