Kiti cha sentimita nne na nusu

Mwalimu mwenzangu unayetaka kuanza kufundisha watoto usanifu kwa samani ndogo, usinunue kitu kwanza. Huku Mikindani tunatumia maboksi ya biskuti, chelewa na mabua ya mtama, yale yale ya kutengenezea magari. Mpingo waachie mafundi wa vinyago. Niliwahi kumpa mtoto kipande, kisu kikateleza kikachana mkono wa shati lake. Shukuru Mungu lilikuwa shati tu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kipimo. Nilianza na 1 kwa 12, wanachotumia watengeneza nyumba za wanasesere huko Uingereza na Marekani. Kumbe chanzo chake ni futi na inchi: futi moja inageuka inchi moja. Rula za watoto wetu tunazisoma kwa sentimita, na kugawa 45 kwa 12 kunaua somo. Chukua 1 kwa 10. Kikalio cha kiti cha mtu mzima kiko kama sentimita 45 kutoka chini, basi cha kwenu 4.5, meza ya 75, 7.5. Kisha kateni mtu wa boksi wa sentimita 12, yaani mtoto wa sentimita 120, mumketishe. Watauliza wenyewe, "Mwalimu, mbona miguu haifiki chini?" Hapo nyamaza. Waache wapunguze.

Usiwape picha ya sofa wainakili. Watume nyumbani wakapime mbuzi ya kukunia nazi. Ile ni samani ngumu kuliko inavyoonekana: vibao viwili vinapishana, kimoja kikipita kwenye tundu la mwenzake, ikunjwe na bado ibebe bibi. Binti mmoja ilimchukua Jumamosi tatu, ule ulimi wa kukunia akiukata kutoka kwenye bati la kopo.

Gundi iwe ya mwisho. (Ya ngano wakati wa mvua haikauki, na mende wanaipenda.) Shikizeni kwa selotepu, mpige picha kwanza. Geuza simu kichwa chini ili jicho la kamera lishuke usawa wa kikalio, sogea nyuma kidogo, mwanga wa dirishani uingie ubavuni, upande wa pili simamisha karatasi nyeupe. Ukipiga kutoka juu, kila kiti ni kizuri.

Yule binti aliitazama picha ya mbuzi yake kwa muda. Ilikuwa imeinama. Hakuniuliza kitu, aliibandua selotepu, akaanza kulipanua tundu.