Maswali ya Wasomaji: Nimweleze Vipi Bibi kwa Dakika Tano?

SWALI: Mhariri, bibi yetu mzaa mama amefariki dunia, na familia imenipa mimi, mjukuu wake wa kwanza, dakika tano za kusoma wasifu wake siku ya kumbukumbu. Kwa miaka 30 alijitolea kila wiki kuwatembelea wagonjwa wasio na ndugu wa karibu na kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Wajomba wanataka nitaje kila jambo kwa mfuatano wa miaka, ilhali hata mwaka wake wa kuzaliwa una utata: kitambulisho kinasema 1932, na mdogo wake anashikilia kuwa ni 1930. Nianzie wapi?

JIBU: Pole sana kwa msiba, ndugu msomaji. La mwaka lisikusumbue: andika kwamba alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na hakuna atakayekukosoa.

Kuhusu mfuatano wa miaka, naomba uwapinge wajomba kwa upole. Dakika tano, kwa msomaji asiyeharakisha, hazipokei zaidi ya maneno 500 hivi, na ukianza na kuzaliwa, shule, ndoa na watoto, utagongewa kengele kabla hujafika kwenye kazi iliyowafanya watu wamlilie. Orodha hiyo ichapishwe kwenye karatasi itakayogawiwa, nawe usome yale yasiyoweza kuorodheshwa.

Tatizo ni kwamba kazi ya kujitolea haiachi nyaraka. Aliyeajiriwa ana barua ya uteuzi, hati ya mshahara na cheti cha kustaafu; bibi yako huenda ameacha daftari moja na viatu vilivyolika upande mmoja. Kwa hiyo ushahidi uko kwa watu wa nje ya nyumba yenu, na huko ndiko ningeanzia, kwa sababu ndugu wa damu mara nyingi ndio wasiojua alikuwa akienda wapi kila alasiri ile. Piga hesabu pia: saa tatu kwa wiki, hata ukiondoa wiki mbili za kila mwaka, kwa miaka 30 zinafika saa 4,500. Itaje mara moja tu, kisha uiache.

Utakapowahoji wazee wenzake, uwe na subira. Wanasaikolojia wameona mara nyingi kwamba watu waliovuka umri wa miaka 40 hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya ujana wao, takriban kati ya miaka 10 na 30, kwa hiyo utasimuliwa sana jinsi alivyokuwa msichana, lakini ile miaka ya katikati, ambayo ndiyo ya kujitolea kwake, itapitwa haraka. Swali la jumla kama "alikuwa mtu wa namna gani?" litakuletea sifa tupu. Uliza aliketi upande gani wa kitanda cha mgonjwa, alisema nini mwanafunzi alipokosea herufi ileile mara ya kumi, na alimkemea nani. Naam, kemeo nalo liingie. Sijawahi kuamini wasifu ambao marehemu hakuwahi kukasirika hata siku moja.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko yote. Kila tendo jema la bibi yako lina mtu mwingine ndani yake: mgonjwa aliyetelekezwa na wanawe, au baba aliyefikisha miaka 50 bila kuweza kusoma barua yake mwenyewe. Ukimtaja mtu huyo mbele ya umati kwa nia ya kumsifu bibi, unaweza kuitangaza aibu ambayo bibi mwenyewe aliifunika miaka yote. Mwendee faraghani, msomee sentensi zinazomhusu kama zilivyo, umwombe ruhusa. Akikataa, liondoe jina lake, umri wake na kila dalili itakayomtambulisha, ubakize mkono wa bibi juu ya kalamu na herufi ya kwanza iliyoandikwa ikasomeka. Mwenyewe akiwa amekaa kule nyuma atajua ni nani anayesemwa.