Sili ya kranki inavuja tena: usimruhusu fundi akate springi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle ya 1973, injini ya 1600, nimeachiwa na marehemu baba. Inavuja oili pale injini inapokutana na giaboksi, na nikitoka Morogoro nikianza kuupanda Kitonga klachi inateleza: injini inanguruma, gari halipandi. Fundi ameshabadilisha sili ya kranki, ule mpira unaozuia oili kwenye shafti kuu ya injini, mara mbili mwaka huu. Sasa anataka kuchukua sili mpya, aikate springi yake kidogo ili ibane zaidi, kisha aizungushie silikoni. Nimkubalie, au niagize sili kutoka Ujerumani?
Msomaji, Ipogolo, Iringa

JIBU: Marahaba. Usimkubalie, na huko Ujerumani nako usikimbilie kwanza.

Hii habari ya kukata springi naikuta kila mara hapa Mbeya, kwenye Corolla, kwenye Hiace, hadi kwenye pikipiki, na imenichosha. Wanaoifanya wanaamini sili inazuia oili kwa kubana, basi ikibanwa zaidi itazuia zaidi. Sivyo. Shafti inapozunguka, mdomo wa sili, yaani ukingo wake wa ndani, hausugui chuma kikavu. Unaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na umbo la mdomo wenyewe ndilo linaloirudisha oili ndani. Kazi ya springi ni kuushikilia mdomo usilegee, kwa nguvu iliyopimwa kiwandani. Ukikata mizunguko kadhaa ukaiunga upya, mdomo unaukamua ule utando, unasugua pakavu, unapata moto, mpira unakakamaa na kupasuka. Siku za mwanzo panakauka kabisa. Mteja anafurahi, fundi analipwa. Baadaye inavuja kuliko mwanzo, na safari hii shingo ya flaiwili (lile gurudumu zito lililofungwa kwenye kranki), pale mdomo unapokaa, imechimbika mfereji. Hapo sili yoyote utakayoweka, hata itoke Wolfsburg kwenyewe, kiwandani kwa Volkswagen, itavuja.

Muulize fundi wako kwa upole kama ile ya pili nayo hakuikata.

Halafu kuna swali ambalo sioni kama limeulizwa: mna uhakika ni sili? Nyuma ya flaiwili ya gari hili oili ina njia kadhaa za kutokea. Injini ikishushwa, usiruhusu mtu apanguse kitu kabla ya kuangalia. Chovya kidole kwenye ule uchafu unuse. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti, haifichiki. Ukiipata hiyo, inayovuja ni sili ya shafti ya giaboksi, na ya kranki mmekuwa mkiionea. Kama ni oili ya injini, tazama imepita wapi. Ikiwa imetokea katikati, kuzunguka nati kubwa ya flaiwili, upande wa klachi, basi ni ile oringi ndogo, pete ya mpira, iliyo ndani ya flaiwili, ambayo mafundi wengi huiacha ya zamani kwa sababu hawajui kama ipo. Ikiwa imeteremka chini ya usawa wa kranki, angalia kizibo cha kamshafti, shafti inayofungua valvu. Kitakachoonyesha sili yenyewe ni alama za oili zilizoanzia kwenye duara lake, upande wa flaiwili unaoitazama injini.

Tuseme ni sili. Bado kuna sababu ya kuvuja mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi ni presha ndani ya injini. Tazama upande wa pili, kwenye puli ya mkanda. Kule Volkswagen hawakuweka sili hata kidogo. Kuna mzingo uliochongwa kwenye shingo ya puli, unaorudisha oili ndani ikizunguka. (Wapo wanaojaza silikoni kule pia, kwa kuwa wameona hakuna sili wakadhani imesahaulika.) Kama na huko kunatoka oili, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili moshi unapuliza kwa mapigo, ringi za pistoni zimechoka au bomba la kupumulia limeziba. Na muulize pia anaweka oili kiasi gani. Injini hii inachukua lita 2.5 tu, lakini nimeona watu wakimimina galoni nzima ya lita 4 kwa kuwa wameshainunua.

Sababu nyingine ni kranki kucheza mbele na nyuma. Mchezo unaoruhusiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, na unapangwa kwa shimu tatu, pete nyembamba za chuma, zinazokaa ndani ya sili, kati ya beringi na flaiwili. Mchezo ukizidi, mdomo wa sili unasuguliwa huku na huku. Unapimwa kabla sili mpya haijaingia, flaiwili ikiwa imefungwa. Fundi asiye na geji ya kupimia hapaswi kuigusa kazi hii, na akikwambia anapima kwa kutikisa na mkono, lipa alichokwishafanya uondoke.

Kuhusu sili ya kununua: usichague kwa nchi wala kwa rangi. Soma herufi zilizochapwa. NBR ni mpira wa kawaida, unafaa ila unakakamaa mapema kwa joto. FKM au FPM unavumilia joto zaidi, na injini ya kupozwa kwa upepo ikipanda Kitonga inachemka kweli. Bonyeza mdomo kwa kucha kabla hujalipa. Sili iliyokaa rafu miaka mingi huwa ngumu hata kama boksi lake ni zuri.

Kufunga, kwa kifupi. Mdomo wenye springi unaangalia ndani ya injini. Paka oili safi kwenye mdomo na kwenye shingo ya flaiwili. Shingo yenyewe ipitishwe kucha. Kucha ikinasa, flaiwili iende kwa mchonga vyuma au itafutwe nyingine. Sili isukumwe sawasawa mduara mzima mpaka ikae chini kabisa, siyo kugongwa nyundo upande mmoja kisha mwingine. Nati ya flaiwili inakabwa kwa nyutoni mita 343, yaani uzito wa kilo 70 ukining'inia nusu mita kutoka kwenye nati, bomba la kurefushia spana likiwa limelala. Kuigonga kwa tindo hakufiki huko. Na diski ya klachi iliyolowa oili usiioshe kwa petroli ukairudisha. Nunua mpya.

Silikoni nimeiacha makusudi. Kasha la injini hii ni vipande viwili, na maungio yao yanapita kwenye tundu la sili, hivyo kupaka gundi ya gasketi nyembamba sana kwenye ukuta wa tundu ni halali. Ninachokiona kwenye gereji ni kitu kingine: silikoni nene kama dawa ya meno, imefurika hadi ndani. Volkswagen hii haina filta ya karatasi, ina chujio la wavu tu chini ya kasha. Vipande vya silikoni vinakatika, vinasafiri na oili, vinaziba wavu, na pampu inaanza kuvuta kitu kisichokuwepo. Vivyo hivyo wale wanaouza chupa za dawa ya kuzuia kuvuja: inafanya kazi kwa kuvimbisha mpira, na inavimbisha kila mpira inaoukuta, mzima na mbovu. Wengine watakwambia uweke oili nzito. Asubuhi ya Juni huku kwetu, oili nzito inachelewa kufika kwenye beringi, na gari linawashwa bado pakavu.

Kwa hiyo injini ishushwe mbele ya macho yako, na sili zote mbili alizoweka mwaka huu, iliyomo na ile aliyokwishaitoa kama bado ipo, ziletwe zikiwa na springi zake. Ziweke mezani ulinganishe urefu wa springi na ile ya sili mpya. Ikiwa ni fupi, badilisha fundi kabla ya kubadilisha sili.