Kumuuliza kijana kuhusu kujiua hakumpi wazo
Je, kumuuliza kijana kama anawaza kujiua kunampandikizia wazo hilo? Hapana. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya 2014 kuhusu kujiua, liliiweka hofu hiyo kwenye orodha ya imani potofu. Mimi ni mshauri nasaha wa wanafunzi: ukiuliza waziwazi, mara nyingi mabega yanashuka, anavuta pumzi, ndipo anaanza kusema. Kinachomfunga mdomo ni zile "anajidekeza tu" na "kichaa huyo", si swali. Ila uulizaji nao una namna yake. "Huwazi huo upuuzi wa kujiua, sivyo?" hapo umeshamwambia akane. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Mpelekeni kwa mtaalamu siku hiyohiyo.